Mkono Unaotulia Jumapili

Ndugu yangu Hiram Wahome alikuwa anakata nyama nyembamba mpaka ukiinua kipande juani unaona Mlima Kilimanjaro upande wa pili. Silazimishi mtu kuamini. Lakini waulizeni watu waliokuwa Kitengela kabla ya haya maghorofa. Siku moja nzi alikaa juu ya mguu wa ng'ombe, Hiram akapitisha kisu, nzi akaruka zake. Alipofika dirishani ndipo akagundua bawa moja amelisahau kwa gogo la kukatia nyama.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni huko Kinangop akinikojolea, kwa hivyo nikimsema niko na haki.

Alikuja Kitengela akiwa kijana bila ndevu, wakati nyumbu walikuwa wengi kuliko watu, na vumbi lilikuwa zito hivi kwamba kuku walikuwa wanalala saa sita mchana wakidhani ni usiku. Akaingia kazi kwa mchinjaji mmoja Mkamba aliyeitwa Mbaluka. Mbaluka hakuwa na maneno mengi. Aliweka yai juu ya gogo, akaweka steki juu ya yai, akamwambia, "Kata. Yai likipasuka, panda gari urudi kwenu kwa baridi." Hiram akakata. Yai halikupasuka. Wengine wanasema baadaye liliangua kifaranga, lakini hapo naona wanaongeza chumvi, na mimi sipendi watu waongo.

Mbaluka alipozeeka, Hiram akafungua bucha yake kando ya barabara ya Namanga. Akaoa, akapata msichana mmoja, Mwihaki. Mama Mwihaki alipotangulia mbele za Mungu nikaja kukaa nao wiki moja kuwasaidia. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Hiram akawa pia mzee wa kanisa, yule anayefungua milango asubuhi na kubeba sinia ya vikombe siku ya meza ya Bwana. Maisha yake yote yalikuwa kwa huo mkono wa kulia.

Sasa, mkono huo ukaanza mambo yake.

Kilianza kidole gumba. Hiram akikaa tu, mkono umelala kwa paja, kidole gumba kinasuguana na cha pili polepole, kama mtu anasaga ugoro. Nikamuuliza, "Wahome, ulianza kuvuta ugoro lini?" Akasema havuti. Nikamnusa. Kweli, hakuna ugoro.

Kisha mkono wote ukafuata. Wateja wakifika kwa bucha wanaukuta juu ya kaunta unatetemeka kama jani, na kando yake kuna kisu kirefu. Mama mmoja mjamzito akasema ameacha sufuria kwa moto, akatoka mbio. Na hakuwa na sufuria yoyote, jirani zake waliniambia siku hiyo alikuwa anapikiwa kwao.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Hiram akishika kisu akianza kukata, mkono unatulia. Unatulia kabisa, kama zamani. Akikiweka chini, unaanza tena. Basi akaona heri asikiweke. Akawa anatembea na kisu. Anaenda kununua gazeti na kisu. Anasalimia watu na mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kisu. Watoto wakawa wanavuka barabara wakimwona. Jumapili nikamkuta anakiingiza ndani ya koti.

"Hiram! Unaenda kanisani, si machinjioni."

"Nikikosa kushika kitu utaona aibu."

"Shika kitabu cha nyimbo!"

Akashika kitabu, ikasaidia kidogo. Lakini siku ya meza ya Bwana huwezi kushika kitabu, unashika sinia. Akaibeba mpaka safu ya mbele, akasimama kumngoja mama mmoja aamke kwa maombi, na hapo kwa kungoja mkono ukaanza. Vile vikombe vidogo vya glasi vikalia ngiling'ili ngiling'ili kama kengele za mbuzi wanaoshuka kisimani. Watu wakafungua macho katikati ya sala. Mzee mwenzake anaitwa Ngugi, mtu wa kuuza mawe ya kujengea, akaichukua ile sinia taratibu, akainama kumnusa Hiram mdomo. Niliona. Nilikuwa safu ya pili.

Kufikia jioni Kitengela nzima ilikuwa inajua mzee wa kanisa anakunywa pombe.

Na hapo ndipo shida ilikuwa, kwa sababu Mwihaki alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Morgan Odero, mrefu kama mlingoti, watu wao wametoka upande wa ziwa, anafanya kazi ya ofisi mjini. Mahari ilikuwa imeshapelekwa, tumebaki na ngurario, ile sherehe yetu ya kufunga ndoa kimila. Siku ya ngurario bibi harusi anaonja kinywaji kutoka kwa pembe ya ng'ombe, kisha anampa babake. Baba anaipokea mbele ya watu wote na kunywa. Sisi watu wa kanisa hatuweki pombe ya muratina, tunaweka uji wa wimbi, lakini pembe ni ile ile. Baba akinywa, ameridhia. Akiimwaga, wazee wanaanza kuangaliana. Kuna watakaosema hamtaki kijana. Wengine watasema ni mlevi. Na mchana wote msichana atakuwa amesimama hapo mbele ya wakwe zake akiangalia uji ukinyonywa na mchanga.

Mwihaki alilia jikoni akidhani simwoni. Nikaingia, mimi shangazi ambaye yeye huniita Tata. "Tata, nikimpea pembe na aimwage? Watu wa Morgan watasema nini?"

"Watasema wimbi imepanda bei, tusiimwage. Panguza macho, unaharibu chapati na chumvi."

Jirani yetu Nalangu ndiye alitupa njia. Nalangu ni mama wa Kimaasai, boma lake limeshikana na ploti yetu tangu zamani, na hakuna siku isipokuwa Jumapili ambayo haleti kibuyu cha maziwa. Aliingia, akanisalimia kama nyanya kwa Kimaasai, "Takwenya, koko." Nikaitikia, "Iko." Akakaa, akaangalia mkono wa Hiram bila kujificha. Kisha akasema, "Kajiado mjini kuna daktari wa mambo ya ubongo na mishipa. Anakuja kliniki mara moja kwa mwezi. Mzee wa shemeji yangu alikuwa hivyo. Mpeleke."

Tukaenda. Hiram alivaa suti aliyofungia harusi. Kwetu kwenda kwa daktari ni kama kwenda ugenini. Unaoga, unapaka mafuta, unanyoosha mgongo, ukiulizwa habari unasema nzuri. Akafika pale amependeza hivi kwamba askari wa mlangoni alimwelekeza kwa ofisi ya wakubwa.

Daktari anaitwa Mutindi. Msichana mfupi, viatu vya raba, macho ya mwewe. Alimwambia, "Mzee, gonganisha kidole gumba na cha pili, haraka haraka, ufungue sana, kama mdomo wa bata akipiga kelele." Bata wa mkono wa kushoto alipiga kelele vizuri. Bata wa kulia alianza kwa nguvu, kisha mdomo ukawa unafunguka kidogo, kidogo zaidi, kama redio inayoisha betri.

"Sasa weka mikono kwa mapaja, funga macho, anza mia moja urudi nyuma ukitoa saba saba."

Mimi ningelala hapo hapo kwa mia moja. Lakini Hiram amepima nyama miaka yote hiyo, akashuka tu, "Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa..." Na huku kichwa kinahesabu, mkono chini umeanza kusaga ugoro wake wenyewe bila kumwuliza mwenyewe.

Akamwambia atembee. Hiram akatembea kama askari wa gwaride, mikono ikirushwa, kifua mbele. "Vizuri sana," daktari akasema. "Hebu sasa nenda pale mwisho wa korido uniitie yule mama wa kitambaa chekundu." Hiram akaenda. Daktari akatoa kichwa mlangoni kumtazama, na mimi nikatoa changu chini ya chake. Hakujua tunamwangalia. Hatua zikawa fupi fupi. Mkono wa kushoto ukawa unapepea kama kawaida, wa kulia umening'inia kama mkono wa shati kwa kamba. Kufika kule mwisho akageuka kwa vipande vipande, kama lori linalogeuka kwenye kichochoro.

Daktari akanong'ona, akiniita nyanya kwa lugha yetu, "Unaona, cucu? Mtu akijua anatazamwa anatembea na adabu. Akisahau, anatembea na ugonjwa."

Aliporudi akanusishwa mkebe. Hiram akanusa, akatazama dari, akasema, "Hakuna kitu ndani." Mkebe ulikuwa umejaa kahawa! Hapo nikakumbuka kichwa cha mbuzi kilichowahi kuoza ndani ya bucha. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamepanga foleni nje, na Hiram anauliza kwa nini leo mbwa wamechangamka.

Daktari akakaa karibu naye, si ng'ambo ya meza. "Mzee, si pombe. Si ugoro. Hakuna mtu amekuroga. Ni ugonjwa wa ubongo unaitwa Pakinsoni. Kuna kitu ubongo hutengeneza cha kulainisha mwendo, kama mafuta kwa mashine. Chako kimepungua. Dawa ya kuumaliza haiko. Lakini iko ya kukusaidia, na nitakuwa nakuangalia kila mara, tunaongeza, tunapunguza, mpaka tujue mkono wako unataka nini."

Nilidhani Hiram atauliza kama atakufa. Akauliza, "Daktari, Desemba msichana wangu anafanya ngurario. Nitaweza kushika pembe?"

Daktari hakumdanganya. "Sitakuahidi. Tutajaribu."

Tukarudi na dawa. Na sasa sikilizeni ajabu nyingine. Jumapili ya kwanza, mkono ukatulia! Hiram alibeba Biblia ya mimbari bila kitu kutikisika. Nikaimba mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba nipumzike. Jumatatu mkono ukaanza. Jumanne vilevile, tena vibaya. Jumapili nyingine, kimya. Jumatatu, ugoro.

Ngugi pia alikuwa anaangalia. Akaja kwa bucha siku ya kazi, watu wamejaa, akaegemea kaunta.

"Mzee Hiram, mimi si daktari."

"Tunajua," nikamwambia. Nilikuwa nimekaa pale kwa kiti nikichambua maharagwe.

"Jumapili uko imara kama nguzo ya stima. Jumatatu unatetemeka. Mtu anayetetemeka Jumatatu, sisi sote tunajua Jumapili jioni alikuwa wapi."

Watu wakacheka. Hiram hakucheka wala hakukasirika, kwa sababu ule ugonjwa ulikuwa umeanza kumkaza uso pia, furaha na hasira zote zinakaa sawa. Ngugi akaona huo uso mgumu ni uso wa mtu aliyeshikwa. Akaondoka ameshinda.

Na maneno yana miguu. Baada ya siku chache mjomba wa Morgan akapiga simu. Anaitwa Obura, anakaa Gataka, sauti yake ni ya mtu anayeita feri. "Mathe, habari ya hapo! Sisi tuko tayari kabisa. Lakini, mathe, tunasikia mzee anapiga maji."

"Anapiga maji akioga, Obura. Wewe hupigi?"

Akacheka sana. Lakini mwishoni akasema, "Sawa mathe. Tutaona siku ya pembe." Hakulisema kwa ubaya. Lakini alilisema.

Tukarudi Kajiado. Daktari akauliza, "Dawa unakunywa vizuri?" Hiram akajibu, "Vizuri sana," kwa ile adabu yake ya suti. Daktari akaingiza mkono kwa droo, akatoa kitu kama saa, cheusi, akamfunga kwenye mkono wa kulia. "Hii itakaa nawe wiki nzima. Hii haina adabu. Mkono ukitetemeka inaandika, ukitulia inaandika. Kula kama kawaida, fanya kazi kama kawaida."

Ile saa ilitusumbua, kwa sababu haikuwa inaonyesha saa. Watu wanamwuliza, "Mzee, ni saa ngapi?" Anaangalia, anasema, "Sijui." Ngugi akaeneza kwamba sasa pombe imefika kichwani, mzee amevaa saa na hajui saa.

Wiki ikaisha, tukarudi. Daktari akaichomeka kwenye kompyuta, kukatokea mistari. Mimi sijui kusoma, lakini milima naijua. Jumatatu kulikuwa na Milima ya Ngong. Jumanne, Ngong. Jumatano Ngong imezaa watoto. Kila siku milima inaanza asubuhi, saa ile ile dawa ingepaswa kuwa inafanya kazi. Kufika Jumapili, tambarare. Kama uwanda wa Kaputiei, unaona mpaka Tanzania.

Daktari akashika kidevu. "Mzee, Jumapili dawa unaimeza na nini?"

"Na maji, daktari. Jumapili natoka mapema kufungua kanisa. Hata chai sijapata."

"Na siku zingine?"

Hiram akaangalia viatu.

"Na siku zingine, mzee?"

"Daktari, usikasirike. Dawa nzuri kama hii, imetoka mbali, niliona ni dharau kuimeza na maji ya mfereji kama mtu hana kwao. Naimeza na maziwa. Nalangu analeta mazito, ya kibuyu. Na kwa vile dawa haiingii tumbo tupu, nakula na maini kidogo. Kidogo tu. Kama sahani."

Daktari Mutindi alicheka mpaka akafuta macho na mkono wa koti. "Mzee wangu! Hii dawa na maziwa na nyama zinapigania mlango mmoja wa kuingia mwilini. Maziwa ya kibuyu na maini yakisimama mlangoni, dawa inabaki nje. Umekuwa ukiifungia nje kila siku isipokuwa siku ya Bwana!"

Nikamkumbuka Ngugi. Yote yaliyokuwa kwa hiyo kompyuta, Ngugi alikuwa ameyatangaza bure kwa bucha. Ni maana tu ndiyo alikuwa ameikalia vibaya.

"Kwa hivyo niache nyama?" Hiram akauliza, na hapo hata ule uso mgumu uliingiwa na hofu. Kumwambia mchinjaji aache nyama ni kumwambia samaki aoge kwa vumbi.

"Usiache. Zitenganishe. Dawa kwanza, na maji. Ngoja kama saa nzima. Halafu kula. Na jioni ndiyo ukule nyama yako vizuri."

Njiani nilikuwa nafikiria Nalangu. Kibuyu cha mtu hakirudishwi. Ukikataa maziwa ya jirani umekataa jirani, na ujirani wetu na Nalangu ni mkubwa kuliko huo ua uliotutenganisha. Nilimweleza nikiwa nimeangalia chini. Yeye akasimama, mikono kiunoni.

"Yaani maziwa yangu yamepigana na dawa ya daktari?"

"Ndiyo, Nalangu. Usichukulie vibaya."

"Na yameshinda?"

"Yameshinda kila siku."

Alipiga makofi! Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba ng'ombe wake wameshinda dawa ya hospitali. Tangu siku hiyo watu wakawa wanaulizia ndama wa ng'ombe wale. Na kibuyu kikahamia jioni.

Mkono ukatulia. Si kila saa, lakini ilikuwa afadhali. Dawa ikizeeka tumboni, kidole gumba kinaanza kusaga, Hiram anameza nyingine, anangoja, kinanyamaza. Kazi ikawa ni kuvizia muda. Ngurario tukaipangia kama watu wa ndege. Pembe itakuja saa sita, dawa saa tano, na Hiram asiguse nyama kabla.

Nani alisema wageni wanakuja kwa wakati? Siku yenyewe watu wa Odero walifika wamechelewa, wakasimama getini kuimbiana na akina mama zetu, kila upande unakataa kushindwa. Saa sita ikapita. Ile dawa ya saa tano ikazeeka ikisikiliza nyimbo. Kufikia wageni kuketi, niliangalia mkono wa Hiram kwa paja. Ugoro umeanza.

Akameza nyingine, na maji, akijifanya anakohoa. Sasa inataka muda. Na hapo hapo nani anakuja? Obura, ameinua ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili, unadondosha mafuta, watu wote wanatazama.

"Mkwe wetu! Lazima ule kutoka kwa mkono wetu. Ndiyo undugu!"

Hiram akaniangalia. Akila, dawa itabaki mlangoni. Akikataa, mchinjaji amekataa nyama ya wakwe kwa ngurario ya mtoto wake. Nikasimama.

"Ngoja hapo, Obura! Hujui mila yetu?"

"Mila gani, mathe?"

"Kwetu dada mkubwa wa baba ndiye anaonja kwanza. Anaonja mpaka mfupa."

Nikauchukua ubavu. Hiyo mila haikuwepo. Ilizaliwa saa hiyo, hata kitovu hakijakatwa. Lakini wazee wetu waliokuwa wamekaa pale walitikisa vichwa, "Ni kweli, ni kweli, watoto wa siku hizi wamesahau." Na nasikia siku hizi huko Kware hakuna ngurario inafanywa bila dada mkubwa kumaliza ubavu. Mimi niko na meno manne, na hayatazamani. Kwa hivyo kuonja kulichukua muda.

Ubavu ulipoisha kidole kilikuwa bado kinasaga. MC akashika kipaza sauti, "Sasa tunaomba bibi harusi..." Nikamnyang'anya.

"Kabla ya pembe, wageni lazima wasikie habari ya simba aliyepanga foleni kwa bucha ya huyu mzee."

Mwihaki akafunika uso. Obura akakaa vizuri.

Nikawaambia. Mwaka ule wa kiangazi, simba akavuka kutoka mbugani, akaja barabara ya Namanga, akapanga foleni nyuma ya akina mama. Hakusukuma mtu. Zamu yake ikafika. Hiram akamwuliza, "Kilo ngapi?"

Obura akapiga kelele kutoka nyuma, "Mathe, huyo simba alikuwa kabila gani?"

"Wa upande wenu. Aliulizia kichwa cha samaki."

"Angekuwa wa kwenu angeomba apunguziwe bei!"

Watu wakaanguka kwa vicheko. Mama yake Morgan akafungua viatu. Mimi nikaendelea, lakini macho yangu hayakuwa kwa wageni, yalikuwa kwa kile kidole. Kikisaga, naongeza simba. Nikamleta simba jike. Nikaleta watoto wake, mmoja alikuwa na homa. Nikamleta askari wa wanyama akapanga foleni nyuma ya simba akidhani ni mtu wa koti la manyoya. Kidole kikapunguza. Simba akashindana na Hiram kuona nani hatatikisika, mmoja ameinua kisu, mwingine ameinua ukucha, na nzi yule yule wa bawa moja akiwa refa. Kidole kikasimama. Mkono ukalala kwa paja kama mtoto aliyeshiba.

"Simba akashindwa, akaenda nyumbani. Leteni pembe!"

Mwihaki akaja amevaa shuka na shanga, pembe imejaa mpaka mdomoni. Akaonja. Mikono yake ndiyo ilikuwa inatetemeka. Akapiga magoti mbele ya babake. "Baba, pokea."

Ungesikia mahema yakipumua. Ngugi alikuwa amesogea mbele kabisa, shingo imenyooka. Hiram akanyoosha mkono wa kulia, huo huo. Akaishika pembe, akaiinua, akaisimamisha hewani kwanza mahali kila mtu anaona. Haikutoka hata tone. Akanywa mpaka mwisho, akaigeuza juu chini.

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliamsha fisi wa Isinya mchana kweupe.

Kisha Hiram akasimama. Sauti yake siku hizi ni ndogo, watu wakanyamaza kumsikia. "Wakwe zangu. Mkono huu unatetemeka. Mtauona kesho na kesho kutwa. Si pombe, sijawahi kuionja. Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Pakinsoni, na daktari wangu yuko Kajiado, mwenye anataka kumuuliza aulize. Leo umetulia kwa sababu ya dawa, maji, na uongo wa dada yangu."

Obura ndiye alikuwa wa kupokea pembe ya pili kwa niaba ya upande wa kijana. Alikuwa bado anamcheka simba mwenye homa. Akainua pembe, kicheko kikamshika katikati, uji wote ukashukia tai.

"Ala!" nikasema. "Nani sasa anapiga maji?"

"Mathe, nimeshindwa! Nimeshindwa kabisa!" akalia, uji unamtiririka. Ngugi, kwa mazoea, akainama kumnusa.

Hiram bado anakata nyama. Akichoka tunakaa nje ya bucha, mkono unasaga ugoro wake kwa paja, wateja wanaupita tu. Kuna mama wa mboga huusalimia peke yake.

Siku ile ya ngurario alikuwa amefungwa tena ile saa isiyojua saa, kwa agizo la daktari. Tulipoirudisha, Daktari Mutindi aliifungua, akafuata mstari na kalamu. Mlima mdogo mchana, ndio wageni wamechelewa. Unashuka, unashuka, ndio simba. Tambarare, ndio pembe. Halafu kalamu ilipofika jioni ikasimama. Akasogeza kiti.

"Mzee, hapa kulitokea nini? Mlima kama huu sijawahi kuuona kwa mgonjwa yeyote. Tangu saa kumi na moja mpaka giza. Dawa ilikataa kabisa?"

Hiram akaangalia viatu tena. Na ule uso mgumu, mimi dada yake naujua, ulikuwa unacheka ndani.

"Hapo, daktari," nikamwambia, "mama yake Morgan alimshika huo mkono wakacheza. Na aliporudi kuketi, nikamshika mimi."